Butembo: Saloni ambamo wahami wanalala inahitaji meza ndogo ya duara, si ile kubwa ya kioo

Saa tatu ya usiku, katika nyumba nyingi za Butembo, kazi ya mwisho si kufunga mlango. Ni kuondoa meza. Watu wawili wanaishika, moja huku na moja kule, wanaipitisha juu ya vichwa vya watoto waliokwisha kusinzia, wanaiegemeza ukutani ao wanaitoa nje kwenye baraza. Kisha mikeka na magodoro yanatandikwa palepale meza ilipokuwa. Saa kumi na mbili ya asubuhi kazi hiyo inaanza tena kwa kinyume: magodoro yanakunjwa, meza inarudi, kitambaa cha kusuka kinatandazwa juu yake, na saloni inakuwa saloni, kama vile hakuna mtu aliyelala humo.

Sababu inajulikana. Wahami wengi walioingia Butembo hawako kambini. Wako katika nyumba za watu: kwa shangazi, kwa shemeji, kwa mtu wa kanisa moja, na mara nyingine kwa mtu ambaye hawakumjua kabisa mbele ya kugonga mlango wake. Wakati Kanyabayonga ilipoanguka mwishoni mwa mwezi wa sita 2024, watu wa kule, wa Kayna na wa Kirumba walipanda barabara ya Lubero na magodoro kichwani, na wengi walifika mpaka Butembo. Wengine walikuja kutoka upande wa Beni na Mambasa wakikimbia mauaji. Nyumba iliyokuwa ya watu sita ikawa ya watu kumi na mbili. Hakuna aliyejenga chumba kipya. Chumba kilichopatikana ni saloni.

Kwa hiyo meza ya saloni si pambo tena. Ndiyo inayoamua watu wangapi wanalala na miguu imenyooka.

Ile inayopendwa mjini ni ndefu, kioo juu, miguu ya chuma inayong'aa ao ya mbao nzito, na inauzwa pamoja na foteyi zake. Zingine zina karibu sentimita 120 kwa 60. Katika saloni ya mita tatu kwa nne, ambamo foteyi zimekwisha kula pembe zote, meza ya namna hiyo inaziba katikati yote. Meza ya duara yenye upana wa sentimita 45 inachukua nafasi ndogo sana: ukiweka mbili, hazifiki hata nusu ya ile moja ya kioo. Na mtoto wa miaka nane anaibeba peke yake, bila kuita mtu.

Kwa mji unaoishi hivi, meza inayofaa ni hiyo: ndogo, ya duara, ya mbao, ya miguu mitatu, iliyotengenezwa na fundi wa mjini. Inafaa wenyeji, inafaa wahami, na ingeweza kuwapa kazi mafundi waliofika mikono mitupu. Lakini kuna namna mbaya ya kuitengeneza, na ndiyo namna hiyo inayozidi kuonekana kando ya barabara.

Msikilizaji mwingine atakasirika. Watu wanakimbia vita, watoto hawasomi, unga umepanda bei, na redio inaongea juu ya meza za saloni? Swali ni la haki. Ila mtu anayeuliza hivyo mara nyingi ana meza yake nyumbani. Ingefaa akae siku tatu tu bila hiyo.

Chukua mfano wa mama aliyetoka Kirumba na watoto wanne, anayelala kwenye saloni ya shemeji yake. Vitu vyake vyote viko ndani ya mfuko moja wa plastiki nyuma ya foteyi. Kikombe cha chai anakiweka chini, mtoto anakipiga teke. Dawa ya mtoto mdogo inakaa juu ya televizyo ya mwenye nyumba, na kila anapoihitaji anapita mbele ya watu wanaotazama habari, akiomba samahani. Biblia iko chini ya godoro. Simu inalala ndani ya kiatu ili isikanyagwe. Hakuna mtu anayemtendea vibaya. Shemeji ni mtu wa roho nzuri, na bibi yake vilevile. Lakini ndani ya nyumba hiyo hakuna hata sehemu moja ya sentimita 45 ambayo mama huyo anaweza kusema ni yake.

Meza ndogo pembeni ya godoro inabadilisha jambo hilo usiku huohuo. Dawa iko mahali pake, kikombe mahali pake, miwani ya bibi mzee mahali pake. Mwenye nyumba naye anapumua. Kuna magomvi kati ya wenyeji na wageni ambayo hayaanzi na chakula hata kidogo. Yanaanza na sahani yenye mafuta iliyowekwa juu ya foteyi. Mama mwenye nyumba hasemi kitu siku ya kwanza. Siku ya nne anasema, na anasema na mambo mengine yote aliyokuwa ameyanyamazia.

Mchana, meza hiyohiyo inafanya kazi nyingine. Wageni wanapokuja kwa ajili ya kilio ao mazungumzo ya mahari, meza kubwa ya katikati inawalazimisha wote kuinama na kunyoosha mikono. Mzee aliyekaa pembeni anabaki na kikombe mkononi mpaka kimpoe. Meza ndogo tatu, kila moja kati ya foteyi mbili, zinampa kila mtu mahali pa chai na karanga zake bila kusumbua jirani. Kisha duara haina pembe. Ndani ya chumba chenye watu kumi na mbili hilo si jambo dogo. Umeme ukikosekana na mtu akitaka kutoka usiku, anajua vizuri pembe ya meza ya kioo inafanya nini kwenye mguu wake, chini kidogo ya goti.

Miguu mitatu nayo ina sababu yake. Nyumba nyingi za mji zina sakafu ya udongo, ao saruji iliyopasuka. Meza ya miguu mine ikiwekwa pale inacheza. Watu wanakunja karatasi wanaisukuma chini ya mguu moja, kesho karatasi imetoka, meza inacheza tena. Miguu mitatu haichezi, popote itakapowekwa. Kila mama anajua jambo hilo jikoni: mafiga ni matatu, si mane, na sufuria inakaa imara hata kwenye ardhi ya mteremko.

Lakini ukweli usemwe wote. Meza ya miguu mitatu ina udhaifu wake: ukiikandamiza kwenye ukingo, kati ya mguu na mguu, inaweza kuanguka. Dawa yake ni kupanua miguu kuelekea nje, ili nyayo zake zifike chini ya ukingo wa ubao wa juu. Fundi anayekusanya miguu yote katikati, ili meza ionekane nyembamba kama ile ya kwenye simu, anauza meza itakayomwaga chai ya wageni.

Simu hiyo ndiyo mwanzo wa taabu nyingi. Mteja wa leo haji kwa fundi na maneno. Anakuja na picha. Anafungua WhatsApp, anapanua picha kwa vidole viwili, anasema: nataka hii hii. Meza ni nzuri, ya duara, rangi ya asali, miguu imeinama kidogo kama ya swala. Lakini mbao ya kwenye picha hiyo ilikaushwa ndani ya tanuru la kiwanda mbele ya mtu kuigusa na msumeno. Mbao iliyo mbele ya fundi wa Butembo ilikuwa mti uliosimama wiki tatu zilizopita. Mteja anataka meza Jumamosi. Leo ni Jumanne. Fundi anatazama mbao, anatazama pesa ya avansi, anafikiri juu ya nyumba yake, kisha anasema: itakuwa tayari, mama.

Itakuwa tayari kweli. Jumamosi itakuwa duara safi, verni inang'aa, mteja anafurahi. Mwezi wa tatu haitakuwa duara tena.

Jambo hili linafaa lieleweke vizuri, kwa sababu wengi wanafikiri ni uchawi ao ni wizi. Mbao ikikauka haifupiki, inakonda. Kwenye urefu wake, kufuata mishipa, karibu haibadiliki. Kwenye upana wake inapungua, na mbao ya mkaratusi inapungua kuliko nyingi. Ubao wa juu wa sentimita 45 uliokatwa kwenye mkaratusi mbichi unaweza kupoteza sentimita mbili ao zaidi upande moja, na upande mwingine usipoteze kitu. Duara linakuwa yai. Meza ya pembe nne ikikonda hivyo, hakuna anayeona. Inabaki pembe nne, imepungua kidogo tu. Duara halina mahali pa kujificha. Na kama fundi aligongomea misumari kila mahali chini, mbao inataka kukonda na misumari inaikataza, basi inapasuka katikati, mara nyingine usiku, kwa sauti kama ya fimbo iliyovunjwa, na watu waliokimbia risasi wanaamka wote wakikaa wima kwenye magodoro.

Mteja anarudi na kelele. Anaambia jirani zake kwamba mafundi wa Butembo ni waongo, bora kununua ya Dubai. Hivyo ndivyo meza za madukani zinavyopata wateja. Mara nyingi hazina Dubai ndani yake. Zimetengenezwa China na kupita njia ya wafanyabiashara. Tena nyingi si mbao. Ni unga wa mbao uliokandamizwa na kole, juu yake wamebandika karatasi yenye picha ya mishipa ya mti. Zinapendeza. Ila nyumba yenye watoto tisa ni nyumba ya maji: maji ya kunywa yaliyomwagika, maji ya kudeki, ndoo iliyopita karibu. Unga huo ukinywa maji unavimba kama mkate kwenye chai, na hakuna fundi duniani anayeweza kuupiga rabo urudi. Meza ya mbao ya kweli, hata ile iliyogeuka yai, inaweza kurudishwa kwa fundi.

Kosa hapa limegawanyika. Mafundi wana lao, na ni kubwa. Mtindo wa kula avansi ya mteja wa kwanza, kununua mbao ya mteja wa pili kwa pesa ya mteja wa tatu, na kujibu kila simu kwa neno kesho, umeharibu jina la kazi nzima. Kuna atelye mjini ambako neno kesho lina maana ya mwezi ujao. Lakini wateja nao wajitazame. Mtu anayejadili bei mpaka fundi anabaki na pesa ya kole na misumari peke yake, kisha anashangaa kwamba mbao ilikuwa mbichi, alinunua ubichi huo mwenyewe. Kukausha mbao ni kulaza pesa chini ya bati kwa miezi. Nani anamlipa fundi kwa miezi hiyo?

Kisha kuna mbao yenyewe. Miti mizuri ya pori la Mambasa na la Beni, libuyu na muvula, inapita kwenye malori kuelekea Kasindi, inavuka Uganda, mingine inafika Kenya. Mtu wa Butembo anaona magogo na mbao vikipita barabarani mbele ya mlango wake, na atelye iliyo mita ishirini kutoka barabara hiyo inabaki na mkaratusi wa kilimani na vipande vilivyokataliwa. Hiyo ni habari ya zamani na meza ndogo haitaibadilisha. Ila meza ndogo ina faida moja ambayo meza kubwa haina: inaweza kutoka kwenye vipande hivyo. Ubao wa juu wa sentimita 45 si lazima utoke kwenye mbao moja pana. Vipande vitano vya upana wa sentimita tisa, vikavu, vikipigwa rabo ukingoni na kuunganishwa kwa kole, vinafanya ubao mzuri kuliko mbao moja pana, kwa sababu vipande vyembamba havijipindi sana. Vipande vya urefu huo ndivyo vinavyochomwa kwenye moto wa maharagwe nyuma ya kila atelye inayotengeneza vitanda na milango.

Na kuna mti ambao watu wanaudharau bure: gravilea. Upo kwenye mipaka ya mashamba, kati ya kahawa, wengi waliupanda kwa kuni na kivuli. Mbao yake ni nyepesi, haichoshi msumeno, na ikipasuliwa vizuri inaonyesha madoa yanayong'aa kama magamba ya samaki. Meza inayobebwa kila usiku na kila asubuhi inataka wepesi kama huo. Libuyu iende kwenye milango.

Hapo ndipo mafundi waliokimbia wanaingia katika habari hii. Kati ya watu waliopanda barabara kutoka kusini mwa Lubero kulikuwa na maseremala. Mtu anayekimbia anabeba mtoto, anabeba godoro, anabeba sufuria. Habebi meza ya kazi ya mita mbili. Wengi waliacha rabo, misumeno, mbao zilizopangwa, na komandi za watu zilizofikia nusu. Mjini leo mtu wa namna hiyo anabeba mchanga kwenye kazi za ujenzi ao anasukuma chukudu, na mikono yake inajua kutengeneza kabati.

Kutengeneza meza ndogo ya duara hakudai mashine. Msumeno wa mkono, rabo moja, patasi, kole, msasa, na kamba. Kamba ndiyo mashine. Msumari katikati ya ubao, kamba yenye urefu wa sentimita 22 na nusu, penseli kwenye ncha yake, na duara limepatikana. Kisha, bila kubadilisha urefu wa kamba hiyo, fundi anaanza mahali popote kwenye ukingo na kupima kuzunguka: itaingia mara sita barabara. Akichukua alama moja na kuruka moja, amepata mahali pa miguu mitatu pasipo kufanya hesabu yoyote. Pembe za ubao anazikata kwa msumeno, nne zinakuwa nane, nane zinakuwa kumi na sita, kisha rabo na msasa vinamaliza. Fundi mwenye mkono mzuri na mbao kavu anaweza kuifanya kwenye kivuli cha mwembe, ao kwenye baraza la shemeji yake.

Kinachomkosesha si ujuzi. Ni mbao kavu na mteja. Atelye zenye nafasi na bati zingeweza kumpa vipande vyao vikavu na kona ya meza ya kazi, kisha wagawane bei ya kila meza. Wenye atelye wengine wanaogopa: huyu mgeni atachukua wateja wangu. Woga huo unaeleweka, ila vipande vilivyochomwa jana havikumletea mtu mteja.

Mashirika yanayosaidia wahami nayo yasikie. Kufundisha vijana useremala miezi mitatu, kuwapiga picha na sanduku la vyombo mkononi, kisha kufunga mradi, kunaacha mjini vijana wenye karatasi na vyombo vinavyouzwa sokoni wiki ya pili. Seremala aliyetoka Kayna na ujuzi wa miaka ishirini hahitaji mafunzo. Anahitaji komandi. Wakati wa kugawa mikeka, ndoo na turubai kwa familia zilizopokelewa majumbani, komandi ya meza ndogo kwa mafundi haohao ingegusa pande mbili kwa pesa moja: fundi anakula jasho lake, na familia inapata mahali pa kuweka dawa. Kwenye orodha za ugawaji meza haiandikwi, labda kwa sababu aliyeandika orodha alikuwa ameegemea yake.

Kwa anayetaka kununua, kuna mambo ya kutazama, na mengi yako chini, si juu. Igeuze meza. Muuzaji asiyependa uigeuze amekwisha kujibu. Tazama kama chini pamepakwa verni sawa na juu. Ubao uliofungwa upande moja tu unakunywa hewa ya mvua upande mwingine na kujikunja kama sahani. Tazama miguu: mguu ulioingizwa ndani ya tundu na kushikwa kwa kole utakaa, mguu uliopigwa msumari kutoka juu na kufunikwa kwa rangi utalegea kabla ya Pasaka. Weka shavu ao mgongo wa mkono kwenye mbao isiyopakwa: mbichi ina ubaridi wa mtu aliyetoka mvuani. Iinue. Ikiwa nzito kuliko inavyoonekana, ni maji unayonunua. Mwisho, ipime kwa kamba kwa upande huu, kisha kwa upande ule. Kama imeanza kuwa yai kwa fundi, kwako itamaliza safari.

Na kwa fundi, kukausha hakutaki tanuru. Mbao zipasuliwe unene wa sentimita mbili na nusu ao tatu, zipangwe juu ya mawe, mbali na ardhi, vijiti vyembamba kati ya mbao na mbao ili upepo upite, bati juu, pembeni wazi. Vichwa vya mbao vipakwe rangi iliyobaki ao nta, kwa sababu huko ndiko maji yanakimbilia kutoka na ndiko nyufa zinaanzia. Kujua kama zimekauka, achukue mbao moja aipeleke kwenye mizani ya muuza maharagwe kila wiki mbili, aandike uzito wake ukutani. Siku uzito utakapokataa kushuka, mbao iko tayari.

Butembo ni mji wa baridi na ukungu, kwa hiyo miezi yenye mvua kidogo haifai kupotezwa, na mwezi wa sita na wa saba ndiyo hiyo. Kila fundi mjini anajua komandi za saloni zinakuja lini: zinakuja zote pamoja, wiki mbili mbele ya Noeli, kila mtu anataka vitu vipya kwa Bonane, na hapo ndipo mbao mbichi zinapopakwa verni usiku kwa mwanga wa simu. Gravilea itakayopasuliwa na kupangwa chini ya bati mwezi wa sita itakuwa imefanya karibu miezi sita mpaka wakati huo. Mama anayetaka meza tatu za duara kwa Bonane aende kwa fundi sasa, atoe avansi ya mbao peke yake, waandikiane kwenye karatasi mbele ya shahidi, na aambiwe mbao zake ni zipi katika lundo. Apite kuziangalia anapotoka sokoni.